Taa Nyekundu Tangu Homa Bay

Niliondoka nyumbani Ogwedhi kwenda Homa Bay kumchukua Ochieng', mtoto wa marehemu ndugu yangu, aliyekuwa amelala mochari. Alikufa karibu na Rodi Kopany akiwa juu ya pikipiki yake, amebeba magunia ya omena, dagaa wa kisiwa cha Remba, akiyaleta sokoni kwetu. Gari lililokuwa mbele yake lilifunga breki kwa ajili ya ng'ombe waliokuwa wakivuka, na taa zake za nyuma hazikuwaka. Hakuna kitu kilichomwambia Ochieng' kwamba mbele yake watu wanasimama. Gari lile lilijiendea, na mpaka leo hatujui lilikuwa la nani.

Nawaandikia ninyi mliobaki nyumbani mkichimba kaburi na kupika, kwa sababu sokoni nimesikia hadithi nyingine kuhusu safari yetu ya kurudi, na hadithi hiyo ina jina la mtu ndani yake. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa kwenye usukani. Namshukuru Mungu aliyenirudisha nikiwa na pumzi ya kueleza.

Asubuhi ya kuondoka, umande ukiwa bado kwenye nyasi, nilianza na gari. Mnalijua gari langu, lile refu la rangi ya maziwa, ambalo limebeba wagonjwa, maharusi, mahindi na majeneza tangu nilipokuwa mwinjilisti hadi leo ninapoitwa mstaafu. Ukoo uliamua kwamba ndilo litakalomleta Ochieng'. Nilikubali, lakini nikasema sitakwenda kumchukua mtu aliyeuawa na gari lisilo na taa za breki kabla sijakagua za kwangu.

Taa za breki zina jambo moja gumu: dereva hawezi kuziona mwenyewe. Lazima mtu asimame nyuma na kumwambia. Aliyesimama nyuma asubuhi ile alikuwa Boke, mjane wa Ochieng'. Boke ni Mkuria wa Ntimaru. Kijaluo chake ni cha salamu na cha sokoni, kwa hiyo katika boma la ndugu yangu tumezoea kuongea naye Kiswahili.

"Nakanyaga sasa. Inawaka?"

"Hapana, Baba."

"Na sasa?"

"Hakuna kitu."

Nilitoa fyuzi, nikakuta uzi wake mzima. Nikajikunja chini ya usukani, mahali ambapo magoti yangu hayapapendi tena, mpaka nikaifikia swichi ndogo iliyo juu ya pedali ya breki. Nikachomoa waya zake mbili, nikaziunganisha kwa kipande cha waya mwingine.

"Ya kulia imewaka!" Boke alisema.

Basi umeme ulikuwa unafika, na ni swichi iliyokuwa imekufa. Niliifungua, nikakuta ndani imeota ukungu wa kijani, nikaisugua kwa msasa hadi shaba ikaonekana. Taa ya kushoto ikaendelea kunyamaza. Hiyo ilikuwa kutu: pale waya mweusi unapofungwa kwenye bodi ya gari, skrubu ilikuwa imeliwa ikawa kama punje ya mtama. Nikatafuta skrubu nyingine, nikakwangua rangi, nikafunga upya.

Okinyi, mwenye pikapu ya kubeba ng'ombe wa mnada wa Ogwedhi, alikuwa amekubali kuwabeba akina mama waimbaji. Injini yake ilikuwa inanguruma.

"Japuonj," aliniita, maana hapa wengi huniita hivyo, yaani mwalimu, "tunaenda mochari au tunafungua gereji?"

"Subiri kidogo, Okinyi."

"Mimi nasubiri. Sijui kama Ochieng' anasubiri."

"Huyo sasa ana subira kuliko sisi wote."

Alianza kucheka, kisha akakumbuka, akavua kofia.

"Zote mbili," Boke alisema kutoka nyuma. "Zinawaka zote mbili, Baba."

Min Ochieng', yaani mama yake Ochieng', shemeji yangu, alikuwa ameshaketi kiti cha mbele, mkoba wake magotini. Hakugeuka kutazama. Alisema tu, "Zingewaka siku ile."

Kutoka Uriri tuliingia lami, tukaelekea Awendo. Ni nchi ya miwa, na trekta zinazoivuta zilikuwa barabarani mbele yetu, moja baada ya nyingine, miwa ikining'inia kama nywele ambazo hazijachanwa. Sikuwahi kuitazama mikia yake kama nilivyoitazama siku ile. Trela moja ilikuwa na kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye muwa mmoja. Nyingine hazikuwa na chochote.

"Hii haina," Min Ochieng' alisema. Tukaipita. "Hii pia haina."

Aliendelea hivyo mpaka Rongo. Sikumzuia. Boke alikuwa katika kiti cha nyuma. Niliona uso wake kwenye kioo, mkavu, macho yake yamekazia kiti kilichokuwa mbele yake. Mnajua kwetu mjane hulia kwa sauti, akatoka nje, akaita jina la mumewe mpaka majirani waje. Boke hakuwa amelia tangu habari ilipofika. Wanawake walikuwa wameshaliona hilo na kulisema, wakati mwingine yeye akiwa karibu, kwa kuwa walidhani hasikii Kijaluo.

Homa Bay ziwa lilikuwa la kijivu, magugu yamelifunika mpaka karibu na nyumba. Tulipofika mochari tulisimama kwenye kivuli cha ukuta mweupe. Mhudumu aliniuliza kama huyu ndiye, nikasema ndiye, ingawa upande mmoja wa uso ulikuwa umefunikwa na mimi sikuomba ufunuliwe. Min Ochieng' aliingia, akatoka akishikiliwa kwapani. Boke aliingia na nguo. Aliomba amvalishe shati yeye mwenyewe. Alifunga vifungo kuanzia chini kwenda juu, taratibu, kama mtu anayemvalisha mtoto aliyelala. Alipofika kwenye kola mikono yake ilisimama. Ilisimama muda mrefu. Kisha akafunga na kile cha mwisho, akatoka nje, akaenda kusimama peke yake karibu na gari.

Tulikunja upande mmoja wa viti vya nyuma, jeneza likaingia, ikabaki nafasi ya mtu mmoja kuketi kando yake. Vijana wa pale walitufungia matawi mabichi mbele na nyuma ya gari. Akina mama walianza wimbo. Kabla hatujaondoka nilimwomba Boke asimame tena nyuma.

"Ya kulia inawaka," alisema. "Ya kushoto hapana."

Safari hii ilikuwa balbu. Nilifungua kifuniko chekundu, nikaitoa, kioo chake kimekuwa cheusi na uzi wa ndani umekatika. Mji wa Homa Bay una maduka ya spea, lakini mnajua desturi: maiti akishapakiwa, gari halizunguki naye madukani. Linaelekea nyumbani. Waimbaji walikuwa wameshapanda pikapu, na Min Ochieng' alinitazama kama mtu asiyeweza kuvumilia hata pumzi moja zaidi katika uwanja ule.

Okinyi ndiye aliyetuokoa, au ndivyo nilivyoona. Alikwenda kwenye pikapu yake, akachomoa balbu ya taa ya kurudi nyuma, akaniletea.

"Chukua hii. Leo hakuna mtu anarudi nyuma."

"Ni sawa na yangu?"

"Balbu ni balbu, Japuonj. Ona, unene ni ule ule."

Ilikataa kidogo kuingia. Okinyi aliibana kwa kidole gumba, akaizungusha, akaisukuma tena. "Ni kuibembeleza tu," alisema, na ikakaa. Nilitia ile iliyoungua mfukoni mwa koti langu, nikaingia ndani, nikakanyaga breki.

"Zote mbili, Baba."

Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru Okinyi. Tukaomba. Ndipo nikawasha taa kubwa mchana kweupe, kama msafara wa maiti unavyosafiri, watu wa njiani wajue na wavue kofia. Baada ya kuziwasha, hakuna mtu aliyesimama nyuma tena.

Mbele kidogo ya Rodi Kopany, palipo na ua wa mkonge kando ya barabara, ndipo mambo yalipotokea. Tulikuwa tumekubaliana kusimama mahali alipoanguka Ochieng', mama yake amwite, amwambie tunakwenda nyumbani. Imani yangu haisemi kwamba mtu hubaki barabarani baada ya kufa, na wenzangu kanisani wanajua nimelihubiri hilo. Lakini sikuona sababu ya kumkatalia mama aliyefiwa kusimama mahali na kulia. Shida ni kwamba hatukupajua mahali penyewe. Nilipanga kusimama nitakapoona watu, niwaulize.

"Hapa!" Min Ochieng' alipiga kelele. "Shemeji, simama! Gunia langu!"

Gunia la buluu, mojawapo ya yale ya omena, lilikuwa limenasa kwenye mkonge, lenye kiraka cha leso ya maua. Kiraka kile alikishona yeye kwa mkono wake.

Nilikanyaga breki, si kwa nguvu nyingi. Nyuma yangu nikasikia tairi zikilia, na wimbo ukakatika katikati ya neno. Pikapu ilipita ubavuni mwetu karibu iguse kioo changu, ikatumbukia mtaroni, ikalala upande.

Hakuna aliyekufa. Nataka mlijue hilo kabla ya lingine lolote. Lakini akina mama walikuwa wamerushwa mmoja juu ya mwingine, na Mama Pamela, yule anayetuanzishia nyimbo, mkono wake ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko. Okinyi alitoka na damu mdomoni, meno yake yamegonga usukani.

"Japuonj! Unasimama bila kuniambia?"

"Nimekanyaga breki, Okinyi. Taa zimewaka."

"Zimewaka saa ngapi? Zinawaka tangu Homa Bay! Nyekundu njia yote, hazizimi. Nikasema mzee anaendesha mguu uko kwa breki, anampeleka kijana polepole kwa heshima. Nitajuaje sasa unasimama?"

Tulimtoa Mama Pamela, tukaufunga mkono wake kwenye ubao mfupi wa pikapu kwa vitambaa vya kichwa. Nilizima injini na taa ili betri isije ikafa. Wakati huo neno lilikuwa limeshaanza, na sitasema ni nani aliyelianza.

"Amekataa. Hapa ndipo alianguka, na hapa ndipo amekataa kupita."

Sisi sote tumekua tukisikia habari za magari yanayozimika na jeneza ndani, na wazee wakasema marehemu ana neno. Nilirudi kwenye kiti changu nifikiri. Mguu wangu ukaenda kwenye breki wenyewe, kwa mazoea.

Dashibodi ikawaka. Taa zile ndogo za kijani nyuma ya mishale, ambazo huwaka tu ukiwasha taa za gari, ziliwaka, na swichi ya taa nilikuwa nimeizima kwa mkono wangu.

Min Ochieng', kando yangu, aliziona. "Umefanya nini?"

"Nimekanyaga breki tu."

"Kanyaga tena."

Nilikanyaga. Ziliwaka. Aliweka kiganja chake juu ya kioo cha dashibodi, kwa upole ambao sijawahi kuuona mikononi mwake.

"Ochieng'," alisema. "Ni wewe?"

Mguu wangu ulikuwa bado pale, na taa zilikuwa zinawaka.

"Unaumwa? Unakataa kwenda nyumbani? Shemeji, kanyaga." Nilikanyaga, Mungu anisamehe, kwa sababu nilikuwa nimeduwaa na kwa sababu aliniomba. "Kuna mtu ndani ya gari hii hutaki aende na wewe?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kila atakachouliza kitajibiwa ndiyo, na kwamba ndiyo hiyo ni mguu wangu. Niliuondoa. Lakini wanawake walikuwa wamejaa madirishani na walikuwa wameshaona.

"Ni yule Mkuria," mmoja alisema, kwa Kiswahili, ili asikike na anayesemwa. "Mke gani halii?"

"Ashuke. Atafute gari ya kwenda kwao."

"Akishuka, mtaona gari itaenda vizuri."

Boke alishuka. Alikuwa ameketi kando ya jeneza muda wote ule, mkono wake juu ya mbao. Hakubishana. Okinyi, mdomo umevimba, alimwambia bila kumtazama, "Shemeji, ni vizuri tu uende. Sisi tumzike, halafu mambo yatapoa." Lakini kila mmoja wetu alijua kwamba mjane asiyekuwepo kaburini hana tena mlango wa kurudi katika boma lile, wala watoto wake hawana. Alikwenda akasimama nyuma ya gari, pale pale aliposimama asubuhi, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kusimama.

"Nipeni nafasi ya kufungua taa moja," nilisema.

"Japuonj, hii si mambo ya bisibisi," Okinyi alisema.

"Umesema zilikuwa nyekundu tangu Homa Bay. Kule mochari, kabla hatujaondoka?"

"Hapo zilikuwa sawa. Ukikanyaga zinawaka, ukiachilia zinazima."

"Na nikawasha taa kubwa baadaye."

"Ndiyo."

"Basi ingia ukae kwenye usukani. Washa taa kubwa." Nikaenda nyuma nikasimama karibu na Boke. "Binti yangu, unaona nini?"

Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Nyekundu. Zote mbili."

"Okinyi, kanyaga breki! Na sasa?"

"Ni ile ile, Baba. Hakuna kilichobadilika."

Nilifungua kifuniko cha kushoto. Nikatoa balbu ya Okinyi, nikaitoa mfukoni na ile yangu iliyoungua, nikaziweka zote mbili kwenye kiganja, kichwa chini. Yangu ilikuwa na vitone viwili vya madini ya risasi kwenye kitako: kimoja cha taa ndogo ya usiku, kingine cha breki. Ya Okinyi ilikuwa na kitone kimoja kikubwa katikati. Ndani ya tundu la taa kuna ndimi mbili za shaba ambazo hazipaswi kukutana kamwe. Kitone kile kimoja kilikuwa kimelalia zote mbili na kuzifanya waya mmoja. Nikiwasha taa za gari, umeme ulipita pale ukaziwasha taa za breki, za kulia na za kushoto, zikakaa hivyo bila mguu wa mtu. Taa za gari zikiwa zimezimwa na mimi nikikanyaga breki, umeme ulirudi njia ile ile mpaka dashibodi.

Niliita watu wasogee. Nilimwambia Okinyi azime taa kubwa, akanyage breki, balbu yake ikiwa mkononi mwangu.

"Shemeji," nilimwambia Min Ochieng', "tazama dashibodi."

Dashibodi ilibaki nyeusi. Okinyi alikanyaga tena, ikabaki nyeusi. Nikarudisha balbu, akakanyaga, zikawaka. Nikaitoa, zikazima. Tulifanya hivyo mpaka hakuna aliyekuwa akizungumza.

Okinyi alikuja nyuma, akaniinamia. "Japuonj, ukisema ni balbu, watasema ni mimi."

"Ni balbu, Okinyi. Na mimi ndiye niliyeshika kifuniko ukiisukuma, nikasema asante."

Alisimama kidogo akifuta damu mdomoni. Kisha akageuka, na namsifu kwa hilo, akawaambia akina mama yeye mwenyewe: "Ni balbu yangu. Ya taa ya kurudi nyuma. Mimi ndio niliingiza kwa nguvu. Huyu mama hana neno, na Ochieng' hana neno."

Mama Pamela, aliyekuwa ameketi kwenye nyasi amekumbatia mkono wake, alisema, "Kwa hivyo huu mkono wangu ni wa balbu?" Hakuna aliyecheka. Hata yeye hakuwa anatania.

Nilirudi dirishani kwa Min Ochieng'. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya kioo cha dashibodi.

"Kwa hivyo hakuwa yeye," alisema.

"Hakuwa yeye."

"Hakuniambia kitu."

"Hapana, Shemeji."

Nyuma yake niliona gunia la buluu likitikiswa na upepo kwenye mkonge. "Ungeniacha naye mpaka nyumbani," alisema.

Nimesoma Neno makaburini kwa watu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na pale dirishani sikupata hata mstari mmoja. Nilimwambia tu kilichokuwa kweli: "Boke angebaki barabarani."

Alitazama mbele, kule barabara inakoshukia. Muda ulipita, mpaka wanaume wa shamba la jirani wakaja na kamba kuivuta pikapu. Mwishowe, bila kugeuza kichwa, alisema, "Aingie."

Boke aliingia, akaketi mahali pake kando ya jeneza. Kabla hatujaondoka alishuka tena, akaenda kwenye mkonge, akalinasua lile gunia taratibu lisichanike, akamletea mama mkwe wake kupitia dirishani. Min Ochieng' alilipokea, akalikunja, akaliweka ndani ya mkoba.

Tulisafiri hadi Rongo taratibu, na taa ya kulia peke yake. Okinyi alikaa mbali nyuma yetu, mbali sana. Mama Pamela alikuwa ametangulizwa hospitalini na msamaria mwenye gari dogo. Rongo nilivunja desturi, nikasimamisha gari lenye maiti mbele ya duka la spea. Mwenye duka, Mwislamu aliyetoka pwani miaka mingi iliyopita, aliona matawi, akatoka nje mwenyewe ili nisilazimike kuingia.

"Poleni sana, mzee wangu. Sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Niambie."

Nilimwonyesha zile balbu mbili. Alizigeuza kichwa chini, akaguna. "Watu hutazama kioo. Vioo vyote vinafanana. Tazama kitako." Aliniletea yenye vitone viwili, akampa Okinyi ya kwake irudi mahali pake, kisha akaenda kusimama nyuma ya gari langu katikati ya barabara, kanzu yake ikipepea, mkono mmoja umeinuliwa kuzuia magari. "Kanyaga! Achia! Washa taa kubwa! Kanyaga!" Akaja dirishani. "Sasa inasema unachosema. Nendeni na Mungu."

Nyumbani tulifika jua likiwa bado juu ya paa, na yaliyofuata mnayajua, kwa kuwa mlikuwepo. Mlimwona Boke akitupa udongo bila kulia. Mliona pia wanawake waliosogea kando alipopita, na wachache ambao hawakusogea. Yule anayesimulia sokoni kwamba Ochieng' alimkataa mkewe pale Rodi hakuwa kwenye msafara. Waliokuwemo waliiona dashibodi ikizima. Balbu ya Okinyi imerudi mahali pake, naye atawaonyesha kitako chake mkimwomba, ingawa atawatukana kidogo kwanza.

Nilichojifunza si kikubwa. Nilikuwa mwangalifu, nikakagua kila kitu, kisha nikawasha taa moja zaidi bila kumwomba mtu aangalie. Nimejifunza pia kwamba kweli niliyoitoa kwenye tundu lile ilimwokoa mtu mmoja na kumpokonya mwingine, na aliyepokonywa ni mama. Namwombea kila asubuhi. Sijui kama ninaomba asahau au akumbuke.

Wageni walipokwisha kuondoka, Min Ochieng' alikuja uwanjani kwangu, Boke akifuata hatua chache nyuma yake na ufagio mkononi. Matawi yalikuwa bado yamefungwa kwenye gari, majani yamekauka. Min Ochieng' alifungua mlango wa mbele, akaketi mahali pale pale.

"Shemeji, kanyaga."

Niliingia, nikakanyaga. Mbele yetu dashibodi ilikaa nyeusi.

"Tena."

Nilikanyaga tena. Aliweka kiganja juu ya kioo, akakiacha hapo, akakiondoa.

"Zinawaka, Baba," Boke alisema kutoka nyuma, ingawa hakuna aliyekuwa amemwuliza. "Zote mbili."

Min Ochieng' aliisikiliza sauti ile mpaka ilipokwisha. Kisha akashuka, akazunguka nyuma ya gari, na nikamsikia akimwambia kwa Kiswahili, "Shika huku. Tufungue haya matawi."